Kupima Maziwa ya Mtoto: Usiongeze Maji



Katika ukurasa huu tumekwisha kusema mara nyingi juu ya kofia, buti, taa na mawe yanayoanguka. Leo tunaingia nyumbani. Tutasema juu ya mkebe wa maziwa ya unga na kile kijiko kidogo kilichomo ndani yake. Msicheke. Kijiko hicho kikitumiwa vizuri kinalea mtoto. Kikitumiwa vibaya kinaweza kumwua, na wenye nyumba wasijue sababu.

MAMBO TULIYOYAONA

Mfanyakazi mmoja wa kundi la usiku alikuja kwangu pamoja na mama yake mzazi. Nyanya alikuwa amebeba mtoto wa miezi miwili. Mama wa mtoto alikuwa amefariki kwa kutokwa na damu baada ya kuzaa. Mtoto alizaliwa na kilo 3. Nilipomweka kwenye mizani, alikuwa na kilo 3 na grama 100. Miezi miwili, grama mia moja tu! Ngozi ya mapaja ilikuwa imelegea, macho makubwa, na kilio chake kilikuwa cha sauti ndogo.

Nikauliza: «Nyanya, mtoto anakunywa nini?»

Akajibu: «Mganga, anakunywa maziwa ya mkebe, yale yale uliyosema. Hatujamnyima hata siku moja.»

«Mkebe mmoja unamaliza siku ngapi?»

«Siku kumi na moja. Baba yake analeta mikebe mitatu siku ya mshahara. Ninaigawa vizuri, mwezi unaisha.»

Wandugu, nyanya huyo alijua hesabu. Mikebe mitatu, siku kumi na moja kila mmoja, hiyo ni siku thelathini na tatu. Lakini mtoto wa kilo 3 anamaliza mkebe wa grama 400 kwa siku 5 na nusu. Mkebe uliokaa siku 11 ulikuwa umempa mtoto nusu ya chakula chake. Nusu nyingine ilikuwa maji.

Nyanya hakuwa mvivu, wala hakuwa na roho mbaya. Alianza hesabu kwenye mikebe, akaigawa kwa siku za mwezi. Hesabu ya maziwa inaanza kwa mtoto: uzito wake, halafu maziwa yake ya siku, halafu mikebe.

Na mimi nina sehemu yangu katika kosa hilo. Mwezi mmoja mbele, baba alikuwa ameniuliza namna ya kutengeneza maziwa. Kulikuwa na wagonjwa wengi, nikamjibu kwa haraka: «Fuata maandiko ya mkebe.» Sikuuliza ni nani nyumbani atakayeyasoma. Maandiko yalikuwa ya Kifaransa, na nyanya hajui kusoma. Ndiyo sababu ninaandika fundisho hili, ili mwenye kusoma amsomee asiyejua.

KWANZA, ZIWA LA MAMA

Kabla ya kununua mkebe, mjue hili. Maziwa ya mama hayapimwi, hayachemshwi, hayanunuliwi, na yana ulinzi juu ya magonjwa ambao hakuna kiwanda kinachoweza kuutia ndani ya mkebe. Miezi 6 ya kwanza mtoto anyonye tu, bila maji, bila uji. Baadaye anaongezewa vyakula, na anaendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi.

Mwaka 1981, mataifa yaliyokutana Geneva katika mkutano wa Shirika la Afya Duniani (OMS) yalikubali kanuni juu ya biashara ya maziwa haya. Kanuni hiyo inakataza kuyatangaza kwa watu na kuwapa mama mikebe ya bure ya kujaribu. Sababu yake ilionekana katika nchi nyingi: mama anaanza mkebe bila lazima, ziwa lake linakauka, franga zinaisha, anaongeza maji.

Mama mwenye virusi vya SIDA asikimbilie mkebe peke yake. Leo, mama anayekunywa dawa zake kila siku, na mtoto anayepewa dawa yake, wanaweza kuendelea na kunyonya. Aende kwanza kwa mganga.

Lakini kuna nyumba ambamo mkebe ni lazima: mama amefariki, au mama ni mgonjwa sana, au anakunywa dawa isiyofaa kwa mtoto. Nyumba hizo zisionewe haya. Zisaidiwe kupima vizuri.

CHAGUA MKEBE UNAOFAA

Si kila unga mweupe ni maziwa ya mtoto mchanga. Tafuteni maneno haya juu ya mkebe:

«1er âge» au «0 à 6 mois»: haya ni ya mtoto tangu kuzaliwa mpaka miezi 6.

«2e âge»: haya ni ya mtoto aliyepita miezi 6.

«À consommer avant»: hii ni tarehe ya mwisho. Ikiisha kupita, usinunue hata kama bei ni ndogo. Usinunue mkebe uliobonyea sana, uliovimba au wenye kutu.

Maziwa ya unga ya chai si ya mtoto mchanga. Maziwa matamu mazito ya mkebe mdogo si ya mtoto mchanga. Usinunue pia unga uliopimwa sokoni ndani ya mfuko wa plastiki. Hujui ulitoka mkebe gani, wala kijiko chake hukioni.

Na maziwa ya ng’ombe? Huku Rurambo ng’ombe ni wengi, na watu wanasema mtoto wa mlimani analelewa na ng’ombe. Kwa mtoto aliyepita miezi 6, maziwa ya ng’ombe yaliyochemshwa yanafaa pamoja na vyakula vingine. Chini ya miezi 6 hayafai: yana chumvi nyingi kwa figo za mtoto, yana madini ya chuma kidogo, na yanaweza kutoa damu kidogo kidogo ndani ya matumbo yake.

MAJI YA MLIMANI NA MAJI YA ZIWANI

Uvira tunaujua ugonjwa wa kipindupindu, unarudi mwaka kwa mwaka. Tunakumbuka pia mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipobomoa nyumba na kuharibu njia za maji safi. Lakini mtu wa mlimani asijidanganye kwamba maji ya kijito chake ni safi kwa kuwa ni baridi na yanang’aa. Ng’ombe wanapita humo, na watu pia.

Yakiwa na udongo, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, halafu uyachemshe. Kando ya ziwa Tanganyika, karibu metri 770 juu ya bahari, maji yanatokota kwenye digri 97 hivi. Penye metri 2000 yanatokota kwenye digri 93 hivi. Ndiyo sababu maharagi yanachelewa kuiva huku juu. Digri hizo zinatosha kuua vijidudu, lakini yaache yatokote kwa nguvu dakika 3.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Unga wenyewe pia unaweza kuwa na vijidudu, hata mkebe ukiwa mpya na umefungwa. Kiwanda hakiwezi kuviondoa vyote. Kwa hiyo OMS pamoja na FAO, katika mwongozo wao wa mwaka 2007, walisema unga utiwe katika maji yaliyo bado na moto wa digri 70 au zaidi. Maji ya vuguvugu hayaui kitu.

Nani ana kipimo cha moto nyumbani? Fanya hivi: chemsha maji yasiyopungua litri moja, ondoa sufuria juu ya mbabula, acha kifuniko juu yake. Kule chini maji yanaweza kungoja mpaka dakika 30. Huku mlimani yanaanza chini zaidi na baridi ni kali; usipite dakika 20.

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Baba akitoka kazini, avue kwanza nguo za mgodi na kuoga, ndipo aguse vyombo vya mtoto.

2. Osha kikombe na kijiko kwa maji na sabuni, halafu uvichemshe dakika 10 ndani ya sufuria yenye kifuniko. Kikombe ni bora kuliko biberoni. Biberoni ina shingo na chuchu ambamo maziwa ya zamani yanaganda, na uchafu hauonekani.

3. Tia MAJI KWANZA, ya moto, mpaka kwenye alama. Ukitia unga mbele, maji yatakuwa pungufu na maziwa yatakuwa mazito. Kama kikombe hakina alama, kilete kwenye kituo cha afya. Tutapima na kuchora mstari.

4. Tumia kijiko kilichomo ndani ya mkebe huo huo, kile kinachoitwa «mesurette». Usitumie kijiko cha chai. Usitumie kijiko cha mkebe wa aina nyingine, maana vijiko havilingani. Mikebe mingi inaomba kijiko kimoja kwa mililitri 30 za maji, lakini mingine inaomba kimoja kwa mililitri 60. Soma, au usomewe.

5. Jaza kijiko bila kushindilia. Sawazisha juu kwa mgongo wa kisu safi. Kijiko chenye mlima si kijiko kimoja, na kijiko chenye bonde pia si kijiko kimoja.

6. Hesabu vijiko kwa sauti. Mtu akikuita katikati na ukasahau, mwaga uanze upya. Ni hasara ndogo.

7. Koroga. Simamisha kikombe ndani ya bakuli la maji baridi mpaka maziwa yapoe. Angusha tone juu ya mkono wako, ndani ya kifundo. Likiwa vuguvugu, mpe mtoto.

8. Mtoto akae wima kidogo mapajani. Gusisha kikombe kwenye mdomo wa chini, aramba mwenyewe. Usimimine, atapaliwa.

9. Maziwa yasiyonywewa kwa masaa 2 yamwagwe. Usiyatunze kwa usiku.

KIPIMO CHA SIKU

Hesabu hii ni ya mkebe wa grama 400 wenye vijiko karibu 88, kijiko kimoja kwa mililitri 30 za maji:

Mtoto wa kilo 3: mara 8 kwa siku, mililitri 60, vijiko 2. Mkebe unakaa siku 5 na nusu.

Mtoto wa kilo 4: mara 7 kwa siku, mililitri 90, vijiko 3. Mkebe unakaa siku 4.

Mtoto wa kilo 5: mara 6 kwa siku, mililitri 120, vijiko 4. Mkebe unakaa siku 3 na nusu.

Mtoto wa kilo 6: mara 6 kwa siku, mililitri 150, vijiko 5. Mkebe unakaa siku 3.

Mtoto wa juma la kwanza anaanza na kidogo, mlete tukuonyeshe. Mtoto aliyezaliwa mdogo sana ana kipimo chake, na mganga ndiye anayekitoa.

Siku unapofungua mkebe, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Siku unapoisha, hesabu. Ukikaa siku nyingi kupita hizi, mtoto anakunywa maji. Ukiisha mbele ya siku zake, huenda maziwa ni mazito mno, au unga unapotea. Hata baba anayelala mgodini wiki nzima anaweza kuutazama mkebe Jumamosi na kujua kama mtoto wake ameshiba.

KWA NINI KIPIMO?

Fundi akipunguza saruji katika mchanga, ukuta unasimama siku ya kwanza, na kila mtu anausifu. Mvua ikija, unaanguka. Mtoto wa maziwa mepesi pia anaonekana ameshiba, tumbo limejaa. Lakini nyama haijengwi, ubongo haujengwi, na ugonjwa wa kuhara ukija hana nguvu ya kuushinda. Maji yakizidi sana, chumvi ya damu inapungua, na mtoto anaweza kupata degedege.

Kuna wengine wanaokosa kwa upande mwingine. Wanaongeza kijiko kimoja ili mtoto anenepe upesi. Maziwa mazito mno yanamfunga choo, yanamtia kiu, yanachosha figo zake. Naye analia kwa kiu, na sisi tunadhani ni njaa, tunamwongezea mazito tena.

FRANGA ZA MIKEBE

Tuseme ukweli bila kuficha. Mtoto asiyenyonya kabisa anahitaji karibu kilo 20 za unga kwa miezi 6 ya kwanza. Hiyo ni mikebe 50 ya grama 400. Hesabu bei ya duka la kwenu mara hamsini, ongeza makala na sabuni. Baba aijue hesabu hii siku ya kwanza, si siku mkebe umekwisha.

Ikiwa franga hazitoshi, sema mapema. Sema kwetu kwenye kituo cha afya, sema kwa mkubwa wako wa kazi, sema kwa jamaa na kanisa. Hakuna haya katika kusema. Kuongeza maji kimya kimya, hapo ndipo mtoto anapotea.

Yule mtoto wa kilo 3 na grama 100 tulimshughulikia hivi. Dada mdogo wa marehemu alikuwa ananyonyesha mtoto wake mkubwa wa mwaka mmoja. Alikubali kupimwa damu, akaonekana mzima, akaanza kumnyonyesha na yatima. Maziwa ya mkebe yakawa ya kuongezea, kwa kipimo kamili. Nyanya tulimpa kikombe chenye mstari mwekundu, na mjukuu wake wa darasa la tano akawa mwenye kuhesabu vijiko. Tukampima mtoto kila juma. Baada ya mwezi mmoja alikuwa na kilo 3 na grama 900. Nyanya alipoiona mizani alikaa chini, akalia.

ANGALISHO KWA WACHIMBAJI

Zebaki inayokamata dhahabu isiingie kamwe nyumbani, wala isichomwe kwenye mbabula ya kupikia. Moshi wake ni sumu, na mtoto mchanga ndiye wa kwanza kuumia. Kuchemsha maji hakuondoi zebaki. Bidoni iliyotumika kwa mafuta au dawa za kiwanda isichotewe maji hata ukiiosha mara kumi. Kijiko na kikombe cha mtoto visitoke nyumbani kwenda kazini.

MAULIZO YA AKINA MAMA

Usiku ni baridi. Naweza kutengeneza maziwa jioni na kuyatia katika termosi?

Hapana, mama. Maziwa ya vuguvugu ni shamba la vijidudu. Tia ndani ya termosi safi maji tu, yakiwa yametoka kutokota. Usiku pima maji, tia unga, koroga, poza, mpe. Maji ya termosi yakiwa yamepoa, chemsha mengine.

Unga umepungua mkebeni, naweza kuongeza uji wa mhogo au wa mahindi?

Hapana, kama mtoto hajafika miezi 6. Uji unajaza tumbo na kuchukua nafasi ya maziwa. Njoo kwetu siku hiyo hiyo.

Kijiko cha mkebe kimepotea, nifanye nini?

Leta mkebe kwenye kituo. Tutakutafutia kijiko cha aina ile ile au kukupimia kingine kwa mizani. Usikisie.

Mtoto akihara, nipunguze maziwa?

Hapana. Endelea na kipimo kile kile, mpe na maji ya pakiti ya chumvi na sukari (SRO) kama tulivyokuonyesha, na umlete.

KIMBIA KWA MGANGA

Usingoje asubuhi ukiona moja la mambo haya: mtoto anakataa kunywa au amelegea, anahara maji mengi au damu, anatapika kila kitu, macho yameingia ndani, masaa 6 yamepita bila mkojo, ana degedege, mwili una moto sana au ni baridi sana. Mpeleke kwenye kituo kilicho karibu, na usiku kama ni lazima, kwa machela, mpaka hospitali ya Lemera au ya Uvira.

SHIKENI HAYA

Ziwa la mama kwanza. Maji yatokote dakika 3. Maji kwanza, unga baadaye, maji yakiwa bado na moto. Kijiko cha mkebe wake, kimesawazishwa. Tarehe iandikwe juu ya mkebe. Maziwa ya masaa 2 yamwagwe. Na siku unga usipotosha, fungua mdomo uombe msaada. Usifungue bidoni uongeze maji.

Baba unayesoma ukurasa huu, usiukunje na kuuweka mfukoni. Wasomee wa nyumbani leo jioni, kisha uubandike ukutani karibu na mbabula.

Msaidizi wa mganga wa kampuni